Mababu wa Perth, Mababu wa Sotik

Mwenzangu katika safari hii ni mama wa makamo kutoka Perth, magharibi mwa Australia, na anamfahamu babu wa babu yake kuliko mimi ninavyomfahamu babu yangu mzaa baba. Anajua kimo chake. Anajua kwamba macho yake yalikuwa ya kijivu, kwamba ndui ilimwachia makovu mashavuni, na kwamba alichanjwa chale ya nanga mkono wa kushoto. Anajua kwamba aliiba kondoo kijijini kwao Uingereza, akafungwa, akapakiwa melini na kuteremshwa Fremantle akiwa bado kijana. Hakusimuliwa na bibi yake. Bibi aliona haya, akafa bila kumtaja mzee huyo hata mara moja. Aliyasoma katika madaftari ya serikali.

Kuanzia 1788 hadi Januari 1868, meli ya mwisho iitwayo Hougoumont ilipofika Australia Magharibi, Uingereza ilihamishia Australia wafungwa wapatao 162,000. Makarani waliwaandika mmoja mmoja, sura na maumbile, ili atakayetoroka aweze kutambuliwa. Leo madaftari hayo ni hazina. Mwaka 2007 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Wahamiaji huru, ambao mwishowe waliwapita wafungwa kwa wingi, hasa baada ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1851, waliacha jina, umri na kazi kwenye orodha ya abiria, basi. Kwa mtu anayefuatilia ukoo wake Australia, hakuna bahati kama kuwa na babu mwizi.

Kilichomleta Kenya ni tawi lililobaki Uingereza. Humo alitoka afisa wa jeshi aliyenusurika Vita Kuu ya Kwanza, akaja huku kutafuta shamba. Hakuwa peke yake. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iligawa mashamba zaidi ya elfu moja kwa askari wa kizungu waliotoka vitani, na bahati nasibu ya kuamua nani achague kwanza ilichezeshwa katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi. Kericho nayo ilitengewa mpango wake: ekari 25,000 walipewa maafisa waliolemazwa na vita, walime kitani. Bei ya kitani ikaporomoka mara tu walipoanza, mpango ukafilisika, na katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikanunua ardhi Kericho na kupanda chai. Yule afisa wetu hakuwa kilema, wala hakulima kitani. Alinunua shamba Sotik, akafuga ng'ombe na kulima mahindi. Mama alitaka kuliona shamba, na kaburi kama lipo, na alihitaji mtu wa kukaa na wazee akazungumza nao Kiswahili bila haraka. Rafiki yetu mmoja akanitaja mimi.

Tulitoka Nairobi alfajiri kupitia Mai Mahiu na Narok. Hadi Mulot ni ngano na vumbi. Ukishaingia Kaunti ya Bomet udongo unakuwa mwekundu, vilima vinaanza kupandana, na chai inatokea kando ya barabara, kwanza vipande vidogo vya wakulima nyuma ya nyumba, kisha mashamba ya kampuni yasiyo na mwisho. Tukipita Silibwet mama alimwomba dereva asimame. Alishuka, akaenda kusimama chini ya miti, akachuma jani, akalivunja na kulinusa.

"Hii ni miti ya kwetu," alisema.

Kweli ni ya kwao. Mikaratusi inayolisha moto wa viwanda vya chai ilitoka Australia. Migrevilea iliyopangwa mistari kukinga chai na upepo ni ya huko huko, pwani ya mashariki. Hata miwati, ambayo maganda yake yalikuwa yakiuzwa kwa watengenezaji ngozi, ni ya Australia. Wazungu waliokuja kulima hapa walileta mbegu zilizokwisha kujaribiwa katika makoloni mengine, na miti hiyo imestawi kuliko wenyewe walioileta. Dereva, kijana wa Litein, hakuamini. Alikuwa ameishi maisha yake yote akidhani mkaratusi ni mti wa Wakipsigis.

Sotik mjini hakuna mengi ya kumshangaza mgeni: maduka, matatu za Kisii na Kericho, boda boda, malori ya chai, kiwanda cha maziwa, na Mto Kipsonoi unaopita bondeni. Lakini jina la mji limo katika kumbukumbu za jeshi la Uingereza. Mwaka 1905 Meja Pope-Hennessy aliongoza kikosi kuwaadhibu watu wa Sotik, kwa sababu walikuwa wamechukua ng'ombe wa Wamaasai na kukataa amri ya kuwarudisha. Waliuawa watu, wanaume kwa wanawake, na mifugo ikaswagwa kwa maelfu. Oktoba mwaka huo huo, kaskazini kwa Wanandi, Richard Meinertzhagen alimpiga risasi Koitalel arap Samoei walipokutana eti kwa mazungumzo ya amani. Baada ya hapo ukanda mzima kati ya Wakipsigis na Wakisii ukakatwa mashamba ya walowezi. Ulifaa kwa kilimo, na uliyatenga makabila mawili yaliyokuwa yakiibiana ng'ombe. Wakoloni walipenda sana kazi moja ifanye mbili.

Mwalimu mstaafu wa huko ndiye aliyetuongoza. Shamba tulilipata bila shida, kwa kuwa mama alikuwa na namba yake ya ardhi na ramani ya zamani. Ila halikuwa shamba tena. Kuanzia 1962, kwa mpango wa kununua ekari milioni moja za walowezi, mashamba ya ukanda huu yaligawanywa. Wakisii wakapewa upande wa Borabu, Wakipsigis upande wa Sotik. Palipokuwa na boma la mzungu mmoja tulikuta familia nyingi, kila moja na chai yake, mahindi, nepia, na ng'ombe wawili watatu wa gredi ndani ya zizi. Nyumba ya mawe ilibomolewa zamani. Kilichobaki ni msingi, ambao kuku wanaota jua juu yake, na mstari wa mikaratusi minene kuliko yote tuliyoiona njiani.

Tulikaribishwa kwenye boma la mzee wa rika la Korongoro. Mursik, maziwa ya mgando, ikaletwa kwenye kibuyu, na mama akainywa yote bila kukunja uso, jambo lililompa heshima kuliko utangulizi wowote ambao ningeufanya. Baba ya mzee alikuwa skwota kwenye shamba hilo. Sheria ya 1918 ilimtaka mtu kama yeye afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili aruhusiwe kukaa na kulisha mifugo yake kwenye ardhi ambayo baba zake walichungia bila kumwomba mtu.

Mama alifungua daftari. Alitaka majina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Mzee akaanza na rika: baba yake alikuwa Maina. Mwalimu akatukokotolea: Nyongi ndio waliokuwa vijana Waingereza walipoingia, Maina wakafuata, kisha Chumo, kisha Sawe, kisha Korongoro. Mtu akikutajia rika, unajua alitahiriwa miaka ipi na alikuwa na nguvu wakati wa vita gani. Kosa la miaka kumi linawezekana, lakini si la hamsini. Jina la ukoo ndilo lililomkwamisha mama. Mwanamume wa Kipsigis akishatahiriwa huitwa arap fulani, na kwa kawaida fulani huyo ni baba yake. Mwanawe naye atakuwa arap wa jina jingine. Babu, baba na mjukuu hawana jina la kufanana, kwa hiyo njia ya Kizungu ya kufuata jina moja kurudi nyuma miaka mia mbili haifiki popote. Kinachodumu ni oret, yaani ukoo, pamoja na mnyama wake.

Mke wa mzee akaongeza lake. Mtoto anapozaliwa, kina mama wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, hadi apige chafya. Jina litakalompigisha chafya ndilo la babu au bibi aliyemrudia. "Na ni nani anayeyaandika majina hayo?" mama aliuliza. Wanawake wote walicheka, na mimi nilichelewa kuelewa kwa nini. Kama yangekuwa yameandikwa, bibi angekuwa na kazi gani hapo? Lazima awe nayo kichwani, tena na ya upande wa mama, la sivyo mtoto atakaa bila kupiga chafya mpaka watu waaibike.

Kisha mzee akaingia ndani, akatoka na bati dogo lililoshika kutu, lenye tundu la kupitishia kamba. Ndani yake kulikuwa na kipande cha baba yake, yaani kitambulisho cha zama za ukoloni.

Vipande nilivisoma shuleni kama kila Mkenya. Sheria ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, na hadi 1947 kila mwanamume Mwafrika aliyetoka nje ya eneo lake alipaswa kukivaa shingoni. Kukishika mkononi ni habari nyingine. Kulikuwa na jina, kabila, wilaya, alama za vidole, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kuachishwa, mshahara, na saini za waajiri. Mama alivaa miwani akazichunguza saini zile kwa muda mrefu. Hakuna iliyokuwa ya mtu wake. Moja haikusomeka kabisa.

"Baba alikichukia," mzee alisema. "Lakini hakukitupa. Alisema, mwanangu, hii ndiyo karatasi pekee inayosema nilikuwa hapa."

Mama alinitazama, na nadhani tulifikiria jambo moja. Mwizi wa kondoo wa Uingereza na mchungaji wa Sotik waliandikwa na dola ile ile, kwa sababu ile ile: wakitoroka wakamatwe. Tofauti ni kwamba daftari la mwizi limetunzwa, likapigwa picha na kuwekwa mahali ambapo mjukuu akiwa jikoni kwake Perth anaweza kulifungua. Kipande cha mchungaji kimetunzwa na mwanawe ndani ya sanduku la nguo.

Kutoka Kaplong tulipanda kwenda Kericho kupitia Litein. Mchana mvua ya mawe ilitukamata, ile ya huko inayochana majani ya chai na kumkosesha mkulima mavuno ya wiki nzima. Kaburi halikupatikana. Tulipita nyuma ya kanisa dogo la mawe la Holy Trinity, mama akasoma kila jiwe, akafuta ukungu kwa leso. Mameneja wa mashamba, wake zao, watoto wachanga wengi kuliko nilivyotarajia. Wa kwake hakuwemo. Hakuhuzunika sana. Alikuwa na tangazo la mirathi ya yule afisa kutoka gazeti rasmi la serikali, ambalo limekuwa likichapishwa tangu 1899, na ndani ya tangazo hilo kuna tarehe ya kufa na majina ya warithi. Mzungu wa Kenya hata asipokuwa na kaburi, ana Gazeti.

Mwalimu ndiye aliyesema kwamba kama tunatafuta habari za waliohamishwa, basi twende tukamsalimu kogo mmoja, yaani bibi kizee, pale pale Kericho, mtu wa Talai.

Ukoo wa Talai ndio uliotoa maorkoiyot, viongozi wa kiroho wa Wanandi na Wakipsigis. Koitalel alikuwa wao. Ndugu yake, Kipchomber arap Koilegen, alikimbilia kwa Wakipsigis, na mwaka 1914 Waingereza wakampeleka yeye na nduguze uhamishoni Murang'a na Nyeri. Hawakuridhika. Mwaka 1934 walitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai, na katika miaka michache iliyofuata watu karibu 700, wazee, wake, na watoto, wakahamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, katika Homa Bay ya leo. Soma tena idadi hiyo ukikumbuka kwamba hakuna aliyeshtakiwa kwa kosa lake mwenyewe. Mwizi wa kondoo alipata hakimu. Mtoto wa Talai alihamishwa kwa kuwa baba yake ni wa ukoo fulani.

Kogo alizaliwa huko Gwassi. Anazungumza Kijaluo kama mtu wa ziwani, maana watoto wenzake walikuwa wa huko. Alitusimulia habari za mbung'o, ng'ombe waliokonda na kufa, watu walioshikwa na malale, na harusi ambazo zilikuwa ngumu kupangwa kwa kuwa kila uliyemjua alikuwa ndugu yako. Wakarudishwa 1962, uhuru ukiwa mlangoni, wakakuta ardhi yao imefunikwa na chai na wao hawana hata pa kujenga choo. Wengi walisongamana pembezoni mwa mji wa Kericho, na wajukuu wao wapo hapo hadi leo.

Mama alimuuliza kama anayajua majina ya waliokwenda Gwassi pamoja na wazazi wake. Kogo alifumba macho akaanza kuyataja, boma kwa boma, kwa mpangilio wa nyumba zilivyokaa. Mwalimu aliandika, mimi niliandika, mama aliandika, na bado tulimwomba arudie. Alipochoka alisema tu kwamba wengine anawajua dada yake, na dada yake alikufa wakati wa korona.

Ndani ya gari mama alinieleza kesi ya Eddie Mabo. Nilikuwa nimelisikia jina, si zaidi. Mabo alikuwa mtu wa kisiwa cha Mer, kaskazini kabisa mwa Australia. Mwaka 1982 yeye na wenzake walikwenda mahakamani kudai kwamba ardhi ya kisiwa ilikuwa yao kabla ya Mwingereza kufika. Ili kuthibitisha, ilibidi waeleze ukoo wao: nani alimzaa nani, nani alimlea nani, nani alirithi shamba lipi. Jaji aliyesikiliza ushahidi hakuridhika na madai ya urithi ya Mabo mwenyewe. Lakini Juni 1992 Mahakama Kuu ya Australia iliamua kwamba haki ya wenyeji juu ya ardhi ipo kisheria, ikafuta dhana kwamba nchi ile ilikuwa haina mwenyewe. Mabo alikuwa amefariki miezi michache kabla.

Hapo ndipo safari ilipobadilika machoni pangu. Kwa mama, kumjua mwizi wake ni furaha, na simlaumu. Kila mtu apende wazee wake. Kwa Talai, orodha ya majina ni ushahidi. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliamua kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu madai ya watu zaidi ya 100,000. Mwaka 2022 walalamikaji walifika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipokuja Kenya 2023 alionyesha majuto kwa maovu ya ukoloni, hakuomba msamaha. Siku fidia ikija, kwa fedha au kwa ardhi, swali la kwanza litakuwa lile lile aliloulizwa Mabo: wewe ni mtoto wa nani, na utathibitishaje? Matapeli watakuja na majibu yaliyopigwa chapa. Mjukuu wa kogo atakuja na nini?

Serikali iliyowahamisha watu karibu 700 kwa sheria iliwahesabu. Haiwezekani iwe haikuwahesabu, kwani dola iliyohesabu kila kibanda cha Mwafrika ili ikitoze kodi haikuacha ukoo mzima upite bila kuandikwa. Baadhi ya karatasi za zama hizo ziko Nairobi, na nyingine zilisafirishwa Uingereza wakati wa uhuru. Ni mwaka 2011, kesi ya wazee wa Mau Mau ilipopamba moto, ndipo Uingereza ilipokiri kwamba ilikuwa imezificha Hanslope Park. Sasa zimehamishiwa Kew, London, ambako mwenye nauli na viza anaweza kuzisoma. Kaunti za Kericho na Bomet zina bajeti ya utamaduni. Kumtuma mtu mmoja anayejua kusoma mwandiko wa kikoloni, akakaa Kew miezi mitatu na kuleta nakala, ni nafuu kuliko tamasha moja la kukaribisha wageni wa heshima.

Wewe msomaji mwenye asili ya huko usiwangojee. Nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jumba la Moi Avenue lenye sanamu ya Tom Mboya mbele yake, ujiandikishe, na uombe mafaili ya Wilaya ya Kericho na ya Mkoa wa Nyanza, maana wakati huo Kericho ilikuwa Nyanza. Anza na miaka ya 1934 hadi 1937. Kabla ya kwenda, pitia nyumbani ukiwa na simu iliyojaa chaji, umwombe bibi akutajie majina, na usimkatize hata akirudia. Kipande cha babu, kama kipo, kipige picha pande zote mbili.